Kutafuta Dereva

Nilisema mezani, kijiko mkononi: natafuta dereva.
Mama mkwe akaacha kumenya mhogo.
"Gari mmenunua lini?"
Dereva wa mota, nikamwambia, kidude tu,
kinaiamuru mota ipige hatua moja, halafu nyingine,
mia mbili ndipo imalize mzunguko.
"Hatua mia mbili, na bado ipo palepale!"
Alicheka mpaka kisu kikamdondoka.

Mashine iko chumba cha uani.
Fremu ni ya kitanda cha hospitali, nilikipata mnadani.
Reli nilizing'oa kwenye mashine ya kutoa kopi.
Mota tatu zilitoka Kariakoo ndani ya soksi.
Kazi yake kukata herufi kwenye bati la alumini,
za kupigia chapa magunia ya korosho,
maana Chitopela anakata kwa patasi
na S yake makarani wanaisoma nane.

Dereva wa kwanza alikuwa kama ukucha wa dole gumba,
bei ya sahani mbili za chipsi.
Nikampa ampea mbili, akazibeba kwa kiburi.
Dakika ya nane mgongo wake ukaniunguza kidole,
na hii ni Newala, asubuhi, ukungu umeingia mpaka jikoni.
Dakika ya tisa akazimia.
Akapoa. Akaamka.
Akaendelea kana kwamba hakulala.

LUCHINGU ikatoka LUCHI,
kisha NGU imepanda juu
kama inayokimbia mvua.

Kulala si kosa. Kosa ni kutosema.
Dereva wa aina hii hutuma hatua kwenye waya, akaamini.
Hana jicho la kutazama kama mota imesogea.
Anahesabu tu, na hesabu yake imetimia,
bati limeharibika.
Tuliwahi kuwa na mweka hazina wa namna hiyo:
daftari lilijumlika hadi senti,
ghalani panya walikuwa wanalala njaa.

Wa pili nilimwazima kwa Likwembe wa Masasi.
Huyu mpole. Kwa yule wa kwanza mota zililia
kama mbu ndani ya debe, kwake zilinong'ona.
Mama mkwe alifungua mlango kuuliza kama umeme umekatika.
Nikampenda siku mbili.
Siku ya tatu nikaongeza mwendo, kisu kikauma bati,
naye akaachia, kwa upole uleule,
bila hata kukohoa.

Basi nikauza gunia moja.
Limenunua madereva watatu, weusi, wazito,
mapezi ya kupoozea mgongoni,
swichi nane ndogo ubavuni kama meno ya mtoto.
Wanakula volti thelathini na sita.
Mota imeandikwa ampea mbili nukta nane,
nimeweka mbili nukta nne, na kila hatua nimeigawa mara nane.
Naweza kuigawa mara thelathini na mbili,
lakini nipasue unywele wa nini
wakati skrubu yenyewe inacheza?

"Mwambie aandike jina langu," akasema mama mkwe.
Akavuta kigoda, akakaa karibu kuliko nilivyotaka,
khanga ameikunja isije ikanaswa.
S ikatoka, S kweli, si nane.
Kisu kikaanza O. Nikashika pumzi.
Hapo ndipo dereva hujulikana:
duara halisamehe hatua iliyopotea.
Kikazunguka, kikarudi, kikagusa pale kilipoanzia.
Nikapitisha ukucha kwenye kiungo, sikukisikia.

Kisha tumbo la O likadondoka sakafuni, ting.

Nilikuwa sijawahi kukata herufi iliyofungwa.
Nilisahau kuiachia vidaraja vya kushikilia katikati,
na sasa SOMOE ina tundu
ambalo rangi itapita yote.
Dereva hakukosea. Alifuata nilichoandika.

Mama mkwe akainama, akaokota kile kisahani,
akakifuta kwa ncha ya khanga, akakitazama kwenye mwanga,
akakifunga pindoni pamoja na hela za mkaa.
"Hii chenji yangu," akasema.
"Endelea na M."